Nani Analisimamia Baraza la Mazingira? Historia ya NEMC Ikitazamwa kutoka Sirari

Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba sheria inayoanzisha chombo cha umma isomwe kuanzia kwenye vifungu vya uteuzi. Madhumuni ya chombo huandikwa kwa lugha tamu, na hufanana karibu kila mahali. Kinachotofautisha chombo kimoja na kingine ni maswali matatu makavu: nani humteua mwenyekiti wa bodi, nani humteua mtendaji mkuu, na fedha za kukiendesha hutoka wapi. Leo nataka tuliweke mbele ya maswali hayo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo wengi tunalijua kwa kifupi chake cha NEMC. Nitalitazama nikiwa upande wa Sirari, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa, na kwa sababu ukanda wa Tarime na Serengeti umeliwekea Baraza hilo mitihani mitatu mikubwa ndani ya miaka 13: mwaka 2009, mwaka 2019 na mwaka 2022.

Msomaji asiyeijua Sirari aelewe kwanza jiografia yake. Ni mji wa mpakani. Ukivuka unaingia Isebania, nchini Kenya. Barabara kuu itokayo Mwanza hupita Musoma, huvuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, hupanda hadi Tarime mjini, na kuishia kwenye geti letu. Mto Mara nao una safari yake. Huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, hugeukia magharibi kati ya Tarime na Serengeti, kisha huingia Ziwa Victoria baada ya mwendo wa karibu kilomita 395. Takribani theluthi mbili za bonde lake ziko Kenya. Mmojawapo wa mito midogo inayoulisha ni Tigithe, unaopita jirani na Nyamongo, mahali ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara. Kwa hiyo maji anayokunywa ng'ombe wa Kirumi yamekwisha pita mikononi mwa mataifa mawili, hifadhi mbili, wakulima, wafugaji, wachimbaji wadogo wenye zebaki yao, na mgodi mmoja mkubwa. Kama kuna mahali panapohitaji msimamizi wa mazingira anayeaminika, ni hapa.

Mshauri asiye na fimbo

Baraza lilizaliwa na Sheria Na. 19 ya mwaka 1983. Miaka 11 kabla ya hapo, mwaka 1972, mataifa yalikuwa yamekutana Stockholm, Sweden, katika mkutano wa kwanza mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ya binadamu, na matokeo yake shirika la UNEP likawekwa Nairobi. Nchi nyingi zilizokuwa zimepata uhuru karibuni zilirudi nyumbani na kuunda vyombo vya kushughulikia jambo hilo jipya. Tanzania nayo iliunda chake.

Lakini sheria ya 1983 ililifanya Baraza kuwa mshauri. Lilitakiwa kuishauri serikali, kuratibu, kutafiti na kuelimisha. Hali hiyo ilikuwa na mantiki yake kwa wakati huo. Viwanda vikubwa vilikuwa mali ya umma, migodi ilikuwa mali ya umma, na mashamba makubwa vilevile. Mchafuzi na mlinzi walikaa nyumba moja na kula sahani moja. Katika nyumba kama hiyo mlinzi hushauri kwa sauti ya chini, na mwenye nyumba husikiliza akipenda.

Udhaifu huo ulionekana wazi mahakamani. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani, jijini Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka karibu na makazi yao. Walishinda katika Mahakama Kuu. Silaha yao kubwa ilikuwa ibara ya 14 ya Katiba, yaani haki ya kuishi. Nchi ilikuwa na baraza la mazingira tayari, lakini raia aliyekosa hewa safi ilimbidi akimbilie Katiba na jaji ili kupata alichokitaka.

Kisha milango ya uchumi ilifunguliwa. Mwaka 1997 zilitoka sera mbili, Sera ya Taifa ya Mazingira na Sera ya Madini, na mwaka 1998 ikapitishwa Sheria mpya ya Madini iliyowakaribisha wawekezaji wakubwa. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Naomba mwaka huo ukumbukwe, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inayolipa Baraza nguvu ni ya mwaka 2004. Sheria ya madini ilidai tathmini ya athari kwa mazingira, ndiyo. Lakini mgodi ulikwisha kaa Nyamongo kabla ya chombo cha kuukagua kupewa meno.

Meno ya 2004 na mkono unaoyashika

Sheria Na. 20 ya mwaka 2004 ilikuwa hatua kubwa, na sina nia ya kuidogosha. Kifungu chake cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo. Baraza lilianzishwa upya likiwa na mamlaka ya kukagua, kutoa amri, kupiga marufuku na kutoza faini. Kwa maandishi, mshauri wa 1983 alikuwa amegeuka askari.

Sasa tuyarudie maswali yetu matatu. Mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais. Mkurugenzi Mkuu huteuliwa na Rais. Wajumbe wengine huteuliwa na waziri mwenye dhamana ya mazingira, ambaye hukaa katika Ofisi ya Makamu wa Rais. Sheria hiyo iliweka pia kwamba Baraza lipitie ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira na kupendekeza, kisha waziri aamue kutoa cheti au kukataa.

Athari yake kwa bodi ni hii. Kazi ya kwanza ya bodi yoyote, iwe ya benki, ya shule au ya ushirika wa kahawa, ni kumwajibisha mtendaji mkuu. Bodi ambayo haikumwajiri mtendaji wala haiwezi kumfukuza hubaki na kazi ya kupokea taarifa na kupitisha bajeti. Mwenyekiti na Mkurugenzi Mkuu wakiwa na hati za uteuzi zenye saini moja, kila mmoja humtazama aliyetia saini. Sisemi kwamba watu hao ni dhaifu. Bodi hiyo imewahi kuwa na maprofesa na wataalamu wa heshima. Nasema kwamba muundo umewaelekeza macho juu, wakati mto unatiririka kwenda chini.

Swali la fedha lina ukakasi wa aina yake. Sehemu kubwa ya mapato ya Baraza hutokana na ada, tozo na faini zinazolipwa na hao hao wanaokaguliwa. Chombo cha namna hiyo huvutwa na majaribu mawili kwa pamoja. La kwanza ni kuwaogopa walipaji wakubwa. La pili ni kuipenda faini kuliko kuupenda mto, kwa sababu faini huingia kwenye hesabu za mwaka, ilhali mto uliopona hauonekani kwenye daftari lolote. Hapo ndipo bodi imara ingehitajika, ikauliza kila robo mwaka: tumetoza kiasi gani, na maji yamekuwa safi kwa kiasi gani?

Mtihani wa kwanza: Tigithe, 2009

Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini na kuingia Mto Tigithe. Wakazi walilalamika kwamba watu waliugua ngozi, mifugo ilikufa, na wengine walidai kuwa hata watu walipoteza maisha. Kampuni ilikiri uvujaji, ikasema chanzo ni watu walioiba karatasi za plastiki zilizotandikwa katika bwawa, na ikakana kusababisha vifo. Mwaka huohuo watafiti kutoka Norway wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima udongo na maji jirani na mgodi, wakakuta viwango vya juu vya metali nzito, ikiwamo aseniki.

Kwa mwanahistoria, jambo la kujifunza hapa ni mpangilio wa sauti zilizosikika. Alisema mwanakijiji, ikasema kampuni, wakasema watafiti kutoka chuo cha ng'ambo, wakasema wanaharakati na viongozi wa dini. Sauti ya chombo cha kisheria, chenye umri wa miaka 26 wakati huo na sheria mpya ya miaka mitano, haikuwa ile ambayo wengine wote wangeikubali kama neno la mwisho. Nyamongo ilijifunza kwamba ukitaka kujua maji yako yana nini, subiri mgeni mwenye chupa za sampuli.

Mtihani wa pili: topesumu, 2019

Miaka kumi baadaye Baraza liliamka kwa kishindo. Mgodi wakati huo ulikuwa chini ya kampuni ya Acacia, iliyokuwa katika mvutano mkali na serikali tangu mwaka 2017 kuhusu makinikia na kodi. Mei 2019 mgodi ulitozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliohusishwa na bwawa la topesumu. Julai, Baraza lilipiga marufuku matumizi ya bwawa hilo. Mgodi wa dhahabu usio na mahali pa kuweka topesumu hauwezi kuchenjua kwa muda mrefu, hivyo agizo hilo lilikuwa zito kweli.

Septemba 2019 kampuni ya Barrick ilikamilisha kuinunua Acacia yote. Zuio la bwawa likaondolewa mwezi huohuo. Oktoba yakatangazwa makubaliano kati ya serikali na Barrick. Januari 2020 yakatiwa saini, na ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga, serikali ikipata asilimia 16 ya umiliki wa migodi, North Mara ukiwamo.

Yawezekana kabisa kila hatua ilikuwa na sababu zake za kitaalamu: bwawa lilivuja, likarekebishwa, likaruhusiwa. Lakini jiweke mahali pa mkazi wa Nyamongo. Ameona fimbo ikiinuliwa wakati serikali inagombana na mwekezaji, na ameona ikishushwa walipopatana. Atajuaje kama kilichobadilika ni bwawa au ni uhusiano? Njia pekee ya kumjibu ni bodi inayojitegemea ambayo ingetoa hadharani vipimo vya kabla na vya baada, pamoja na sababu za uamuzi wake. Kukosekana kwa jibu la namna hiyo ni hasara kwa mkazi, na ni hasara kwa Baraza lenyewe, ambalo huenda lilitenda haki bila kuonekana kutenda haki.

Na tangu 2020 swali limekuwa gumu zaidi. Serikali inayoiteua bodi ya mkaguzi sasa ni mbia katika mgodi unaokaguliwa. Tumerudi, kwa mlango mwingine, katika ile nyumba ya 1983 ambamo mchafuzi na mlinzi hula sahani moja. Tofauti ni kwamba sasa kuna mgeni wa tatu mezani.

Mtihani wa tatu: Kirumi, 2022

Machi 2022 maji ya Mara katika eneo la Kirumi yaligeuka meusi na kunuka, na samaki wakaelea wamekufa. Wananchi walizuiwa kuyatumia. Waziri wa mazingira wakati huo, Selemani Jafo, aliunda kamati maalumu ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Baada ya siku chache kamati ilitoa taarifa: chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea katika ardhioevu, mambo yaliyomaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji.

Taarifa hiyo ilipokelewa kwa kejeli mitaani na mitandaoni. Ng'ombe, watu waliuliza, wamekunya leo? Wakurya na Wajaluo wamefuga katika bonde hilo kwa vizazi na vizazi. Iweje mto ufe mwaka huu?

Hapa nitasema jambo ambalo huenda likawakera baadhi ya wasomaji wangu wa nyumbani. Kisayansi, maelezo ya kamati hayakuwa ya kuchekwa. Mwaka 2018 Christopher Dutton na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti kuhusu Mto huohuo wa Mara, upande wa Kenya. Walionyesha kwamba kinyesi cha viboko, ambao ni zaidi ya 4,000 katika eneo hilo, hurundikana chini ya madimbwi wakati wa kiangazi. Mvua ikija ghafla, uchafu huo husukumwa mtoni, oksijeni huisha, na samaki hufa kwa wingi. Kwa hiyo samoli yaweza kuua mto. Inategemea wingi wake, kina cha maji na siku mvua inaponyesha.

Kama ni hivyo, kwa nini hakuna aliyeamini? Kwa sababu imani haitolewi siku ya taarifa. Hujengwa miaka kumi kabla. Watu wa Mara waliisoma taarifa ya 2022 wakiwa na Tigithe ya 2009 na bwawa la 2019 vichwani mwao. Kuundwa kwa kamati yenyewe kulikuwa ushahidi: nchi ina Baraza lenye bodi, wakaguzi, ofisi ya kanda na sheria ya miaka 18, na bado mto ulipokufa ilibidi itafutwe kamati ya dharura. Na kamati ya dharura, hata ikiwa na wasomi bora, huteuliwa na waziri, huripoti kwa waziri, na huvunjwa. Haiachi kumbukumbu ya vipimo vya kila mwezi ambayo mtu angeweza kulinganisha nayo. Laiti kungekuwa na vipimo vya miaka kumi vilivyobandikwa katika ofisi ya kila kijiji kuanzia Nyamongo hadi Kirumi, mabishano ya Machi 2022 yangemalizika kwa dakika kumi, na huenda yangemalizika kwa upande wa kamati.

Ng'ambo ya geti

Tukivuka geti la Sirari tunakuta jirani aliyepita njia inayofanana na yetu. Kenya ilipata sheria yake ya mazingira mwaka 1999 na mamlaka yake, NEMA. Bodi yake nayo haijasalimika na siasa za uteuzi. Lakini wenzetu waliweka kitu cha ziada ambacho kimefanya kazi: mahali pa kuupinga uamuzi wa mamlaka. Juni 2019, wiki chache kabla ya zuio la North Mara, baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta leseni ambayo NEMA ilikuwa imetoa kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu ya risasi, mahakama mwaka 2020 iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na NEMA yenyewe ikawa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Rufaa iliitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Mlinzi anayejua kwamba anaweza kulipishwa kwa kulala usingizi hulala kidogo. Sheria yetu ya 2004 nayo iliandika kuhusu baraza la rufaa za mazingira. Kuandikwa ni jambo moja. Mkulima wa Nyamongo kujua liko wapi, linasikiliza siku gani na anapelekaje shauri lake ni jambo jingine.

Iritongo na bodi

Wakurya tuna neno iritongo, mkutano wa hadhara wa jamii ambamo jambo la wote husemwa mbele ya wote. Tuna pia inchama, baraza la wazee wachache lililokutana faraghani. Siupambi mfumo huo. Ulikuwa na ukali wake, na mwanamke hakuwa na sauti ndani yake. Lakini ulitambua kwamba mashauri ya siri ya wachache yanahitaji uwanja wa wazi wa wengi. Bodi ya Baraza letu la mazingira imebaki inchama bila iritongo.

Kwa miaka kadhaa serikali imekuwa ikizungumzia kuligeuza Baraza kuwa Mamlaka kamili. Kubadili jina ni rahisi, na vibao vya ofisi havigharimu sana. Mambo manne ndiyo yangeonyesha kama kuna nia. Mkurugenzi Mkuu apatikane kwa usaili wa wazi, bodi ikiwa na kauli katika kuajiriwa na kuondolewa kwake. Viti kadhaa vya bodi vitokane na mabonde ya mito, si wizara pekee, ili mtu wa Mara, wa Rufiji au wa Pangani awepo pale mezani. Fedha za faini ziende kwenye mfuko wa kurekebisha eneo lililoharibiwa, zisiwe posho ya aliyetoza. Na vipimo vyote vya maji vinavyochukuliwa kwa fedha ya umma vitangazwe, viwe vizuri au vibaya, serikali ikiwa mbia wa mgodi au ikiwa mgomvi wake.

La nne ndilo la bei nafuu kuliko yote, na halihitaji sheria mpya. Linahitaji uamuzi wa bodi wa kikao kimoja. Wenyeviti na wakurugenzi wakuu wamepita kadhaa tangu maji ya Tigithe yachafuke, na ubao wa matangazo wa kijiji bado unasubiri karatasi hiyo.